Namna ya kuandika wasifu wa rubani wa vita aliyeingia siasa: tumtumie Ian Smith kama mfano

Wasifu wa rubani aliyekuja kuwa mwanasiasa una hatari yake: nusu ya kwanza ni tamu kuliko ya pili. Ndege inawaka moto, mtu anaruka kwa parachuti, anajificha milimani. Baada ya hapo ni chaguzi, katiba na mikutano isiyokwisha. Mwandishi asiyejihadhari humaliza wino kwenye ndege ya kivita kama Spitfire, akafika bungeni amechoka, na msomaji hufunga ukurasa akiwa amempenda mtu huyo bila kujua alitawala vipi. Kinyume chake pia hutokea: mwandishi anayechukia siasa za mtu humpunguzia hata vita alivyopigana kweli. Yote mawili ni uvivu wa namna moja.

Mwongozo huu ni wa walimu na klabu za historia za kidato cha 3 na cha 4 hapa Uganda, na wa yeyote anayeandika makala za Kiswahili za kusomwa mtandaoni. Tunamtumia Ian Smith, aliyekuwa waziri mkuu wa Rhodesia (koloni la Uingereza, leo Zimbabwe), kwa sababu maisha yake yana ushahidi mwingi wa pande zote mbili, na kwa sababu uamuzi wake wa mwaka 1965 wa kujitangazia uhuru bila idhini ya Uingereza ulizua mjadala hadi Kampala.

Kwanza hakikisha alipigana

Si kila mwanasiasa mwenye picha ya sare ya urubani alirusha ndege vitani. Jerry Rawlings wa Ghana alikuwa rubani wa jeshi, lakini alifika ikulu kwa mapinduzi, hakutokea vitani. Hosni Mubarak alikuwa rubani, ila katika vita vya Oktoba 1973 alikuwa mkuu wa jeshi la anga la Misri, yaani mtu wa kutoa amri. Ezer Weizman, rais wa Israeli kuanzia 1993 hadi 2000, alifundishwa urubani na jeshi la anga la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, lakini mapigano yake ya angani ni ya vita vya 1948 na mwanzo wa 1949. Ukiandika kwamba alipigana angani dhidi ya Wajerumani utakuwa umemvisha koti la mtu mwingine.

Kwa hiyo kabla ya kufungua daftari jibu maswali matatu: alirusha ndege ya aina gani, katika kikosi kipi, na kati ya tarehe ipi na ipi. Likikosekana jibu la swali la pili, tafuta mtu mwingine wa kuandika habari zake. Bila kikosi huwezi kupata ushahidi wa siku kwa siku. Kwa Smith majibu yapo: Hurricane kisha Spitfire, kikosi namba 237 cha Rhodesia ndani ya jeshi la anga la Uingereza, na mwishoni mwa vita kikosi namba 130.

Kadi kabla ya sentensi

Nunua karatasi mbili au tatu za manila, uzikate vipande vya ukubwa wa kiganja upate kadi 60 hivi. Kila kadi ibebe tukio moja tu, na vitu vinne: tarehe, kilichotokea, nani anasema hivyo, na alisema lini. Kitu cha nne ndicho wengi hukiruka, na ndicho kinachookoa kazi. Habari ya mwaka 1944 iliyoandikwa jioni ya siku hiyohiyo na karani wa kikosi si sawa na habari ileile iliyoandikwa na mwanasiasa mwaka 1997, baada ya kushinda na kushindwa na kuzeeka. Smith alitoa kitabu chake cha kumbukumbu mwaka huo wa 1997. Ni chanzo halali, lakini kila kadi inayotoka humo iandikwe kwa kalamu nyekundu. Zinazotoka kwa watu wengine ziandikwe kwa buluu.

Ukimaliza, zitandaze sakafuni kwa mpangilio wa tarehe. Mahali palipo na nyekundu tupu ndipo pa kurudi kuchimba. Pia utaona udanganyifu mmoja wa kawaida sana: tovuti tatu zinazosema jambo lilelile kwa maneno yaleyale zimenakiliana, au zote zimenakili kitabu cha mhusika. Hizo ni kadi moja, hata ukiziandika mara tatu.

Ushahidi wa vita unapatikana wapi

Kila kikosi cha anga cha Uingereza kilikuwa na kitabu cha kumbukumbu za kazi, na nakala zake zimehifadhiwa kwenye nyaraka za taifa za Uingereza huko Kew, London, chini ya alama AIR 27. Kitabu kina fomu mbili. Fomu 540 ni muhtasari wa mwezi: kikosi kiko wapi, hali ya hewa, nani amefika na nani amepotea. Fomu 541 huorodhesha miruko: jina la rubani, namba ya ndege, saa ya kuruka, saa ya kutua, na maelezo mafupi. Nakala nyingi zinasomeka kwa intaneti, nyingine kwa malipo, kwa hiyo changeni fedha mkiwa kundi na mwagize mwezi mnaouhitaji tu. Kwa Smith, miezi ya kuanza nayo ni Oktoba 1943 na Juni 1944.

Kupandishwa vyeo na kutunukiwa nishani hutafutwa katika gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, London Gazette, ambalo husomwa bure mtandaoni. Mtu akidai nishani ambayo haimo humo, usiiandike mpaka uione kwingine.

Kuna mitego miwili katika fomu hizo. Wa kwanza ni saa. Fomu ikisema 0545 ni saa 12 kasoro robo asubuhi kwa Kiswahili. Tumeona rasimu iliyofanya alfajiri kuwa saa 5 asubuhi, na doria ya mapambazuko ikageuka ya karibu mchana. Mtego wa pili ni madai ya ushindi. Ndege ya adui iliandikwa katika moja ya makundi matatu: imeangushwa, huenda imeangushwa, au imeharibiwa. Waandishi wa baadaye hujumlisha yote matatu. Jina la bingwa wa anga kwa kawaida hupewa rubani aliyeangusha ndege tano au zaidi. Smith hakuwa mmoja wao, na hakuna haja ya kumpandisha.

Vyeo

Hapa Uganda jeshi la anga hutumia vyeo vya nchi kavu, kwa hiyo msomaji wetu anapoona vyeo vya Kiingereza vya angani hupotea kwa urahisi. Pilot Officer ni sawa na Luteni Usu, Flying Officer ni Luteni, Flight Lieutenant ni Kapteni, Squadron Leader ni Meja, Wing Commander ni Luteni Kanali. Kisha unakuja mtego mkubwa: Group Captain si Kapteni, ni Kanali. Makosa hayo humshusha mtu vyeo vitatu kwa neno moja. Upande wa pili, neno Lieutenant ndani ya Flight Lieutenant humfanya mwandishi amtafsiri kuwa Luteni wa kawaida, na Smith, ambaye alifikia cheo hicho, akashushwa daraja. Andika cheo cha asili mara ya kwanza, eleza kilicho sawa nacho, kisha endelea na jina tupu.

Kuandika sehemu ya vita

Tuchukue tukio moja tulione kwa karibu. Alfajiri ya tarehe 4 Oktoba 1943, Smith aliruka kwa Hurricane kutoka Idku, Misri. Ndege ilipoteza kimo mara baada ya kuondoka ardhini, ikaanguka. Aliumia vibaya usoni, taya likavunjika, akafanyiwa upasuaji wa kurekebisha uso mjini Cairo. Alirudi kikosini mwaka 1944, kikiwa Corsica na kikitumia Spitfire IX. Tarehe 22 Juni 1944, akishambulia shabaha za ardhini katika bonde la Po, kaskazini mwa Italia, alitunguliwa na mizinga ya kutungulia ndege, akaruka kwa parachuti. Wakulima walimficha, akaishi na wapiganaji wa msituni wa Italia kwa miezi kadhaa, kisha akavuka milima ya Alpi kwa miguu hadi upande wa Ufaransa uliokuwa umeshikwa na majeshi ya washirika.

Aya kama hiyo inatosha. Haina "shujaa", haina "kwa ujasiri usio kifani", na msomaji anaona mwenyewe. Tazama pia kilichomo: ajali ya kwanza haikusababishwa na adui. Makala nyingi fupi huunganisha matukio haya mawili likawa moja, kwamba alitunguliwa akaumia uso. Sababu ni kwamba yote mawili yana ndege iliyoanguka, na mwandishi alisoma haraka. Kadi zenye tarehe huzuia hilo.

Usiwasahau wakulima na wapiganaji waliomficha. Katika wasifu mwingi watu hao ni kama miti ya njiani, ilhali kumficha rubani wa washirika mwaka 1944 kulikuwa kujiweka karibu na risasi ya Mjerumani.

Picha nazo husema uongo zikiwekwa ovyo. Kosa tunalolikuta mara nyingi zaidi ni kuweka Spitfire kando ya habari ya ajali ya 1943. Kuzitofautisha si kazi ngumu ndege ikiwa imesimama chini. Miguu ya Hurricane hukunjwa kuelekea ndani, kwa hiyo magurudumu yake yakiwa chini yanakaa mbalimbali. Ya Spitfire hukunjwa kuelekea nje, na magurudumu yake yanakaa karibukaribu. Ikiwa angani, tazama bawa: la Spitfire ni la duara jembamba linalochongoka, la Hurricane ni nene na limenyooka zaidi. Picha za Smith mwenyewe zipangwe kwa uso: zile za kabla ya Oktoba 1943 na zile za baadaye haziwezi kubadilishana nafasi.

Majina ya mahali

Tumia jina la wakati huo, kisha toa la sasa mara moja tu. Smith alizaliwa tarehe 8 Aprili 1919 Selukwe, leo Shurugwi. Mji mkuu ulikuwa Salisbury, leo Harare. Nchi yenyewe ilikuwa Rhodesia Kusini, serikali ya Smith ikaiita Rhodesia, mwaka 1979 ikawa Zimbabwe Rhodesia kwa miezi michache, na kuanzia tarehe 18 Aprili 1980 ni Zimbabwe. Ukiandika kwamba alizaliwa Zimbabwe hujakosea ramani, umekosea historia, na mwalimu makini atakukata alama. Ukiandika kwamba alikuwa waziri mkuu wa Zimbabwe, hapo umekosea yote.

Mshono kati ya ndege na bunge

Miaka ya 1945 hadi 1962 ndiyo waandishi huiruka, nayo ndiyo inayoeleza kila kitu. Smith alirudi kumaliza shahada ya biashara katika chuo cha Rhodes, Afrika Kusini, akanunua shamba, akaoa, na mwaka 1948 akachaguliwa mbunge wa Selukwe kwa tiketi ya chama cha Liberal. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Hapa uliza: alichaguliwa na nani? Neno "wananchi" halikubaliki katika sentensi hii. Haki ya kupiga kura Rhodesia Kusini ilitegemea kipato, mali na elimu, na kwa masharti hayo daftari la wapiga kura lilikuwa la walowezi karibu lote, huku Waafrika walio wengi kabisa wakiwa nje. Andika hivyo waziwazi katika uchaguzi wa kwanza utakaoutaja, ili kila ushindi unaofuata usomwe kwa kipimo hicho.

Kisha fuata vyama kwa mpangilio. Mwaka 1953 aliingia bunge la shirikisho la Rhodesia na Nyasaland (leo Zimbabwe, Zambia na Malawi), mwaka 1958 akawa mnadhimu mkuu wa chama tawala humo, na mwaka 1961 akajitoa kwa kupinga katiba mpya iliyowapa Waafrika viti vichache. Mwaka 1962 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Rhodesian Front, chama kilichoshinda uchaguzi wa Desemba mwaka huo. Akawa naibu wa waziri mkuu Winston Field, na tarehe 13 Aprili 1964 akachukua nafasi yake. Mwandishi anayeruka kutoka parachuti ya 1944 hadi uwaziri mkuu wa 1964 humfanya msomaji aamini kwamba vita ndivyo vilivyompa uongozi. Vita vilimpa jina. Uongozi aliupata kwa kusimama na walowezi waliokataa utawala wa walio wengi.

Sehemu ya siasa

Ipe nafasi kubwa kuliko vita. Kwa makala ya maneno 2000 tunapendekeza hivi: utoto na shule 200, mafunzo na vita 550, miaka ya mshono 350, madaraka 1962 hadi 1980 maneno 700, na yaliyofuata 200.

Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya Smith ilijitangazia uhuru kwa upande mmoja, bila idhini ya Uingereza na bila ya Waafrika walio wengi. Siku hiyo ni ya ukumbusho wa waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, na tangazo lenyewe lilikumbusha mchango wa Warhodesia vitani. Unaweza kusema kwamba urubani wa Smith na vita kwa jumla vilitumika kama hoja ya kisiasa, maana maneno yapo. Lakini usiandike kwamba tarehe ilichaguliwa kwa ajili hiyo mpaka uwe na kadi ya buluu inayosema hivyo. Siku kugongana si ushahidi wa nia.

Jihadhari na sentensi zisizo na mtendaji. "Vita vilizuka", "vikwazo viliwekwa", "viongozi walikamatwa". Nani? Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliweka vikwazo vya lazima Desemba 1966, likavifanya vya jumla Mei 1968. Serikali ya walowezi iliwaweka kizuizini Joshua Nkomo, Ndabaningi Sithole na Robert Mugabe kwa takriban miaka 10, hadi 1974. Majeshi ya ukombozi yalikuwa mawili, ZANLA na ZIPRA, na msomaji ana haki ya kujua yalikuwa ya vyama gani: ZANU na ZAPU.

Maneno ya mwanasiasa yapime kwa tarehe. Machi 1976 Smith alisema katika hotuba iliyorushwa hewani kwamba haamini katika utawala wa walio wengi Rhodesia, hata kwa miaka elfu. Tarehe 24 Septemba mwaka huohuo alitangaza kukubali utawala huo ndani ya miaka miwili, baada ya kubanwa na Marekani, kupitia waziri wake wa mambo ya nje Henry Kissinger, pamoja na Afrika Kusini. Weka kauli hizo mbili katika aya moja, na usiongeze lolote. Waandishi wengi hunukuu ya kwanza na kuiacha ya pili, kwa hiyo Smith wao anakuwa jiwe, ilhali alikuwa mwanasiasa anayesukumika.

Mwisho wa madaraka uandikwe kwa hatua: makubaliano ya ndani ya Machi 1978 kati ya Smith na viongozi Waafrika waliokuwa nchini, Askofu Abel Muzorewa kuwa waziri mkuu Juni 1979, mkataba wa Lancaster House, London, wa tarehe 21 Desemba 1979 uliomaliza vita vya ukombozi, uhuru 1980. Smith alibaki bungeni hadi 1987, mwaka ambao viti 20 vilivyotengewa wazungu viliondolewa. Alifariki Cape Town tarehe 20 Novemba 2007.

Upande wa Uganda

Hapa ndipo makala yako inaweza kuwa na kitu ambacho mwandishi wa London hana. Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza Desemba 1965 kwa sababu ya Rhodesia. Uganda ya Obote haikuvunja. Eleza tofauti hiyo kwa kusoma magazeti ya wakati huo. Gazeti la Uganda Argus litafute katika maktaba kuu ya Chuo Kikuu cha Makerere, na nyaraka za serikali uziulizie katika hifadhi ya taifa Wandegeya. Nenda na kitambulisho, barua ya shule, na penseli. Tukio la tarehe 11 Novemba 1965 litafute kuanzia gazeti la tarehe 12, na kumbuka Salisbury iko nyuma ya Kampala kwa saa 1.

Wazee wanaokumbuka redio ya miaka hiyo wapo, hasa miji iliyokaa na askari kama Jinja na Bombo, ambako Kiswahili hakihitaji mkalimani. Salimia kwanza, kaa, kisha uliza jambo moja kwa wakati: "Mzee, habari za Smith zilikufikia vipi?" au "Mama, watu walisema nini sokoni?" Usiulize "Smith alikuwa mbaya, sivyo?" kwa sababu mzee mwenye adabu atakuitikia tu, nawe utarudi na jibu lako mwenyewe. Alichokuambia ni ushahidi wa namna Uganda ilivyopokea habari, si wa kilichotokea Salisbury. Kadi zake ziandikwe kwa rangi ya tatu. Mwombe ruhusa kabla ya kutaja jina lake, na akikataa, andika "mzee mmoja wa Bombo".

Kabla ya kuchapisha

Mpe rasimu mtu wa kwanza aisome bila kadi, aweke alama kila anapojiuliza "nani kasema?" Mtu wa pili ashike kadi na kulinganisha tarehe na namba zote, moja baada ya nyingine, kwa sauti. Masafa yageuze: maili 1 ya nchi kavu ni kilomita 1.609, ya baharini na angani ni 1.852, na futi 10,000 ni mita 3,048. Tarehe zilizotoka kwenye vyanzo vya Marekani zikague mara mbili, maana huko mwezi hutangulia, na 10/4 ni Oktoba. Hesabu maneno ya kila sehemu. Vita vikizidi siasa, punguza vita, ukianza na vivumishi. Kadi zitie kwenye bahasha yenye jina la makala na uziache shuleni, ili atakayeandika barua ya kupinga tarehe fulani ajibiwe kwa kadi mkononi.